Darasa, ushahidi, ramani ya kijiji au kukataa: mwanajiografia ashike njia ipi mbele ya ubabe?

Semina ilikuwa imeisha, upepo wa Julai unapiga madirisha kama kawaida yake hapa mlimani Chimwaga, na watu wameshaanza kufunga madaftari. Binti mmoja wa mwaka wa tatu akanyoosha mkono. "Dokta, huyu Christaller tunayemkariri tangu mwaka wa kwanza, ni kweli aliwafanyia kazi Wanazi?"

Ni kweli. Walter Christaller, mwanajiografia Mjerumani, alichapisha mwaka 1933 nadharia yake ya maeneo ya kati, ile ya miji iliyopangika kama sega la nyuki, pembe sita kwa pembe sita. Mwaka 1940 akajiunga na chama cha Hitler, akafanya kazi chini ya Konrad Meyer katika ofisi ya Himmler, mkuu wa kikosi cha SS, akipanga pa kujenga miji na vijiji vya walowezi wa Kijerumani katika Poland iliyotekwa. Wapolandi na Wayahudi waliokuwa wakiishi humo walikuwa, kwenye ramani ile, kitu cha kuondolewa kwanza ili sega likae sawa. Vita vilipokwisha akajiunga na Wakomunisti. Sega lenyewe halikubadilika hata mstari mmoja.

Akauliza tena, na hili ndilo lililonikalisha chini: "Sasa sisi tufanye nini tusije tukawa yeye?"

Siku ile nilimjibu ovyo. Tangu hapo nimeulizwa swali hilohilo na wahadhiri wasaidizi, na walimu wa sekondari wanaokuja kusoma shahada ya uzamili, na hata na kijana wa idara ya mipango miji tuliyekutana naye kwenye daladala ya Mtumba. Kila mmoja amekwama njia panda, anataka aambiwe njia moja. Mimi naziona nne, na nimeona watu wazuri wakipotea kwa kushika isiyo yao.

Kwanza tukubaliane kwamba somo letu halina mikono safi. Friedrich Ratzel ndiye aliyelitia neno la "nafasi ya kuishi", yaani ardhi ambayo taifa linadai kuihitaji ili likue, katika jiografia ya kisiasa, na mwaka 1901 akaliandikia insha nzima. Karl Haushofer wa Munich akaanzisha mwaka 1924 jarida la jiopolitiki, yaani siasa za mataifa zikielezwa kwa ardhi na mipaka, na mawazo hayo yakatiririka hadi kwa Hitler. Augusto Pinochet, kabla ya kuipindua serikali ya Chile mwaka 1973, alikuwa amefundisha jiopolitiki katika chuo cha kijeshi na kuandika kitabu cha somo hilo mwaka 1968. Yaani dikteta mwenyewe amewahi kuwa mwalimu mwenzetu. Kwa hiyo anayeniambia "mimi nachora ramani tu, siasa siijui" huwa namwomba anitajie ramani isiyo na mwenyewe.

Vigezo ninavyotumia kuzipima njia hizi ni vinne. Matunda: yanaonekana lini, na nani anayala. Bei: mambo yakiharibika, analipa nani, wewe au watu uliowahusisha. Mahitaji: ajira, fedha, vibali, muda. Na cha nne, ambacho vijana hukisahau na mimi nilikisahau kwa hasara: kugeuzwa, yaani ni rahisi kiasi gani kazi yako kuchukuliwa na kutumiwa na walewale uliokusudia kuwazuia.

Njia ya kwanza: darasa

Peter Kropotkin, mwana wa ukoo wa kifalme wa Urusi aliyegeuka mwanamapinduzi, alichapisha mwaka 1885 insha kuhusu jiografia inavyopaswa kuwa. Wakati huo alikuwa mfungwa Ufaransa, katika gereza la Clairvaux. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mtoto afundishwe jiografia ili ajue kwamba watu wote ni ndugu, na ili chuki za mataifa na majivuno ya rangi zikose pa kushika mizizi.

Hapa Dodoma darasa hilo lina malighafi tele. Chukua Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanafunzi anakuja chuoni akijua neno moja tu: ukame. Muulize ng'ombe walikwenda wapi, nafaka ilibebwa na nani, wapagazi walichukuliwa na jeshi gani, na ataanza kuona kwamba mvua ilikosekana kweli, ila kilichomaliza ghala ni majeshi, ya Wajerumani kwanza na ya Waingereza baadaye. Josué de Castro wa Brazili alisema jambo la jamii hiyo mwaka 1946 alipochora jiografia ya njaa ya nchi yake: njaa ina wenye kuitengeneza. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya 1964 alinyang'anywa haki zake za kisiasa, akafia uhamishoni Paris mwaka 1973.

Au chukua Kondoa. Kila mwanafunzi anaijua mifano ya makorongo ya Kondoa, na mradi wa hifadhi ya ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, na jinsi mifugo ilivyoondolewa mwaka 1979 katika eneo lililoliwa na mmomonyoko. Majani yaliota, hilo halipingwi. Lakini mwalimu anayeuliza "nani aliamua, nani aliulizwa, na wenye ng'ombe walihamia wapi?" anafundisha uraia ndani ya somo la udongo, bila kutaja jina la kiongozi yeyote.

Matunda yake ni ya polepole kama mbuyu; utastaafu hujayaona. Bei mara nyingi unailipa wewe peke yako, na kwa kawaida ni ndogo: kuitwa ofisini, kunyimwa kozi, mtu kurekodi kipande cha mhadhara na kukikata pasipostahili. Mahitaji ni chaki na ujasiri kidogo. Kugeuzwa? Darasa linageuzwa kwa mtihani. Kama mtihani unauliza "taja sababu tano", mwanafunzi atakariri tano na maswali yako atayaacha mlangoni. Njia hii inamfaa mwenye subira, hasa mwalimu wa sekondari, ambaye kwa mwaka anawafikia watoto wengi kuliko wasomaji wote wa makala zangu kwa jumla.

Njia ya pili: ushahidi

Hapa kuna kisa ninachokirudia kila mwaka. Kiangazi cha 1972 Marekani ilituhumiwa kwamba inapiga mabomu kingo za Mto Mwekundu kule Vietnam Kaskazini ili mafuriko yazamishe vijiji. Wakubwa wakakana: kama kingo ziliguswa, ni bahati mbaya. Yves Lacoste, mwanajiografia Mfaransa, akaenda. Hakuhoji nia ya mtu. Aliweka sehemu zilizopigwa juu ya ramani ya umbo la ardhi, na ikaonekana kwamba mabomu mengi yaliangukia upande wa mashariki wa delta, ambako vijiji viko chini ya kimo cha mto. Bahati mbaya haichagui hivyo. Akachapisha katika gazeti la Le Monde mwaka huohuo.

Afrika Kusini walifanya kazi ya namna hiyo kwa upana zaidi. Watafiti na wanaharakati wa Surplus People Project waliorodhesha watu waliohamishwa kwa nguvu chini ya ubaguzi wa rangi, na taarifa yao ya 1983 ilikadiria watu milioni 3.5 kati ya 1960 na 1983. Serikali ilikuwa ikihesabu uhamisho mmojammoja, kila mmoja na sababu zake. Kuzijumlisha pamoja ndiko kulikofanya sera ionekane.

Matunda yanaweza kuja haraka, kama kwa Lacoste, au yakachelewa miaka. Kwetu, Operesheni Dodoma ilianza kukusanya watu katika vijiji mwaka 1971, kabla ya operesheni ya nchi nzima. Kitabu cha Profesa Idris Kikula, aliyekuja kuwa makamu mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kuhusu madhara ya vijiji hivyo kwa mazingira, kilitoka 1997. Udongo ulikuwa umeshachoka. Hata hivyo bila kazi za namna hiyo tungekuwa tunabishana kwa kumbukumbu za wazee tu.

Bei ndiyo inayoniogofya. Mtafiti analindwa na cheo, pasipoti, pengine na mwandishi mwenza aliye ng'ambo. Mama aliyekuonyesha mpaka wa zamani wa shamba lake halindwi na chochote, na ukiandika "mjane, mwenye miaka 60, nyumba ya tatu kutoka kisimani" umemtaja kwa jina bila kulitaja. Tena sheria zinabadilika chini ya miguu yako. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa 2018 kwa namna iliyofanya kuwa kosa kusambaza takwimu zinazopinga zile rasmi, kisha 2019 ikarekebishwa tena na kulegezwa. Aliyekusanya data 2017 akaandika 2018 akachapisha 2019 alipita katika hali tatu tofauti na dodoso lilelile.

Mahitaji ni mazito: kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, barua za mkoa, wilaya na kata, na fedha za mafuta. Picha za setilaiti, ashukuriwe Mungu, ni za bure. Landsat ina kumbukumbu tangu 1972, hivyo unaweza kuuona mji wa Dodoma ukitanuka karibu tangu uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa mwaka 1973. Kugeuzwa ni vigumu kidogo. Ushahidi uliokamilika haupindwi kirahisi. Mara nyingi unawekwa kabatini tu. Unamfaa mwenye ajira ya kudumu, mwenye mkono wa takwimu, na asiyekasirika akipuuzwa.

Njia ya tatu: ramani pamoja na kijiji

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndiko nilikoungua.

Mfano unaotajwa sana ni Detroit, mwishoni mwa miaka ya 1960. William Bunge, mwanajiografia wa hesabu aliyekuwa na jina kubwa, alikwenda kuishi mtaa wa watu weusi wa Fitzgerald, akashirikiana na Gwendolyn Warren, binti wa jamii hiyo ambaye hakuwa na cheo chochote cha chuo. Miongoni mwa ramani zilizotoka katika kazi ile ipo moja ya mahali watoto weusi wanapogongwa na magari ya watu wa vitongoji wanaopita kwenda na kurudi kazini. Hakuna chuki iliyoandikwa humo, ni nukta na barabara tu. Bunge alipoteza kazi ya chuo, akahamia Kanada, na kwa muda akaendesha teksi. Warren ndiye aliyemwambia wazi kwamba mtaa si maabara yake. Mimi namhesabu yeye kuwa mwalimu mkubwa kati yao wawili.

Kwetu njia hii ina mlango wa kisheria ambao Detroit hawakuwa nao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanakijiji hatimiliki ya kimila, na sheria ya 2007 inakipa kijiji mpango wa matumizi ya ardhi. Ramani iliyochorwa na wenyewe, ikapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ina uzito. Na hapa Dodoma suala hili ni la leo. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoundwa 1973 na kuvunjwa 2017, imeacha kizazi kizima cha watu wanaojua maana ya kuamka asubuhi na kuambiwa shamba lako ni kiwanja. Tangu mji upandishwe kuwa jiji 2018, mashamba ya uwele na mizabibu ya pembezoni yanapimwa kila kiangazi.

Sasa kisa changu. Miaka kadhaa nyuma tulichora ramani ya malisho na visima na kijiji kimoja cha upande wa Chamwino. Kazi nzuri, wanawake walichora visima, wafugaji wakachora njia za ng'ombe, vijana wakashika GPS. Mzee mmoja alikaa pembeni chini ya mbuyu muda wote. Tulipomaliza akaniita: "Mwanangu, hii ukishaichora anakaa nayo nani?" Nikamjibu kwa furaha kwamba nakala itakwenda ofisini, na nyingine chuoni. Akatikisa kichwa, hakusema neno. Mwaka uliofuata nakala ile ilikuwa mezani kwa mtu aliyekuja kutafuta shamba kubwa. Alijua maji yako wapi, na alijua malisho gani hayana watu miezi mitano kwa mwaka. Sisi ndio tuliomwonyesha.

Basi, matunda ya njia hii huonekana mapema, na wanaokula ni wenyeji, kama mambo yamekwenda sawa. Bei ikija inawaangukia haohao wenyeji, wewe ukiwa umesharudi mjini unakunywa chai. Mahitaji si fedha nyingi: programu za bure zipo, simu zina GPS. Kinachohitajika ni muda, kulala kijijini, kula mlenda bila kujionyesha shujaa, na kurudi hata pale ambapo huna mradi. Kugeuzwa ni rahisi kuliko njia zote nne. Kwa hiyo siku hizi nina masharti: ramani kamili inabaki kwa kijiji, ya chuo inakosa visima vya siri, makaburi na sehemu za matambiko, na kila mstari unapigiwa kura kama uonekane au usionekane. Inamfaa anayejua lugha ya mahali, au aliye tayari kuongozwa na anayeijua. Kama haraka yako ni tasnifu, waache wanakijiji kwa amani.

Njia ya nne: kukataa kwa pamoja

Mwaka 1931 Mussolini aliwataka maprofesa wa Italia waape utii kwa utawala wa kifashisti. Kati ya zaidi ya 1,200, waliokataa walikuwa kama kumi na wawili hivi. Mwaka 1942 huko Norway, serikali ya Quisling, kibaraka wa Wanazi, iliwataka walimu wa shule wajiunge na chama kimoja cha walimu cha lazima. Wengi mno walikataa, kila mmoja kwa barua yenye maneno yaleyale. Walimu kama 1,100 walikamatwa, mamia wakapelekwa kaskazini ya mbali kufanya kazi za sulubu, na mpango wa kuzitia shule mikononi mwa chama cha Quisling ukakwama.

Tofauti ya visa hivyo viwili siioni katika ushujaa wa mtu mmojammoja. Waitaliano kumi na wawili walikuwa majasiri kuliko wengi wetu. Tofauti ni hesabu, na kwamba walimu wa Norway walikuwa wamekubaliana maneno kabla.

Uturuki, Januari 2016, wasomi 1,128 walitia saini tamko la kupinga operesheni za kijeshi katika maeneo ya Wakurdi. Wengi walishtakiwa, mamia walifukuzwa kazi, wengine wakanyang'anywa pasipoti. Mwaka 2019 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba kuwaadhibu kulikiuka uhuru wao wa kujieleza. Uamuzi ulikuja, ila kazi hazikurudi zenyewe.

Matunda: ama ya ghafla ama hakuna. Bei: yako na ya familia yako, lakini angalau umeichagua mwenyewe. Mahitaji: wenzako. Chama cha wanataaluma kilicho hai ni nusu ya kazi. Kugeuzwa: tamko la watu wachache ni orodha ya majina aliyoandaliwa mtawala, hilo lisisahaulike.

Kukataa kuna upande wa pili usiotajwa sana: kumpokea aliyekataa. Milton Santos, mwanajiografia mweusi wa Bahia, alitiwa ndani baada ya mapinduzi ya Brazili ya 1964, akazunguka uhamishoni miaka kumi na mitatu. Katikati ya miaka ya 1970 alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alirudi kwao 1977, na mwaka 1994 akapata tuzo ya Vautrin Lud, kubwa kuliko zote katika fani yetu. Tulimpa darasa wakati kwao alikuwa amenyimwa. Miaka hiyohiyo, nje ya kuta za chuo, Operesheni Vijiji ilikuwa ikihamisha mamilioni ya watu, baadhi kwa moto wa nyumba zao. Nayaweka mawili haya pamoja makusudi. Nchi moja inaweza kuwa kimbilio la mwanajiografia na wakati huohuo ikamhitaji vibaya.

Njia hii inamfaa mwenye cheo kikubwa kuliko anayeanza. Profesa anayemsukuma mhadhiri msaidizi mbele ili yeye atie saini mwishoni, huyo tumwangalie kwa jicho lingine.

Na aliye ndani ya ofisi?

Hii si njia kamili, lakini Dodoma ni mji wa wizara na nusu ya wahitimu wetu wako Mtumba au halmashauri. Mfano wa kutafakari ni Albrecht Haushofer, mtoto wa yule Karl. Alikuwa mwanajiografia, akatumikia utawala wa Nazi kwa miaka, akidhani akiwa ndani atapunguza madhara. Mwishoni akaungana na waliotaka kumwondoa Hitler, akafungwa, na Aprili 1945 akapigwa risasi mjini Berlin, akiwa na mashairi aliyoyaandika gerezani. Alikuwa amechelewa. Ndani kunafaa kama umejiwekea mapema, kwa maandishi, kitu ambacho hutakichora hata ukiamriwa, na kama nakala za ushauri wako wa kitaalamu zimo katika faili rasmi zenye tarehe.

Kwa hali yako

Kama una mkataba wa mwaka mmojammoja na watoto wanasoma, anza na darasa, na tunza ushahidi wako taratibu hadi uwe na pa kusimama. Kama umeshathibitishwa kazini na una mkono wa setilaiti, ushahidi unakuita, na usiwaombe wanafunzi wakubebee hatari ya majina. Kama ulizaliwa Mpwapwa, Kongwa au Kondoa na unaijua lugha ya nyumbani, ramani ya kijiji ni yako kuliko yangu, alimradi uwe na jibu la swali la yule mzee kabla hajauliza. Kama ni profesa aliyebakiza miaka mitatu astaafu, jina lako liwe la kwanza kwenye tamko. Kama chama chenu kimelala, usikurupuke na tamko la watu sita. Tumia mwaka huu kukiamsha. Na ukiona hali imekuwa mbaya kiasi cha kuona aibu kupokea mshahara, njia mbili kwa pamoja, darasa na kukataa, zimewahi kubebana vizuri kuliko ushahidi na kukataa, kwa sababu aliyekamatwa na data ndani amewakamatisha wengi.

Binti yule amehitimu, anafundisha sekondari wilayani. Juzi kanitumia ujumbe. Ameanza na darasa, anasema, na watoto wamembana kwa swali la Mtunya hadi kengele ikalia. Ila anataka kujua GPS ya idara inaazimwa kwa masharti gani. Nimemtumia yale masharti yangu matatu, na nimemwambia akaanze na wazee wanaokaa pembeni.